Sura Nne za Zimwi la Ernesta

Ukitaka Ernesta akukasirikie, mwambie vyungu vyake ni vizuri kama vya dukani. Atakutazama kuanzia viatu mpaka kilemba, kisha atarudi kwenye udongo wake kana kwamba aliyesema ni kuku. Mimi nilitazamwa hivyo siku ya kwanza nilipofika kwake Titye, na papo hapo nikajua mimi na mama huyu tutaelewana, maana na mimi sina subira na watu wanaosifu ovyo.

Ni mwanamke mfupi, mjane wa siku nyingi, mwenye mikono yenye nyufa ambazo hata mafuta ya mawese yameshindwa kuzitibu. Udongo anauchota mwenyewe bondeni, anauponda, anauchanganya na vigae vilivyosagwa, na vyungu vyake vya kupikia maharage vinafika mpaka sokoni Kasulu. Katika watoto aliowazaa amebaki mmoja, Didas, anayebadilisha fedha mpakani Manyovu. Jina la Didas hulitaja taratibu, kwa sauti ile ile anayosalia. Habari hii yote ni ya hofu yake juu ya Didas, kwa hiyo nakuomba umshike huyo kijana akilini tangu sasa.

Mimi ni Asnath, mwalimu wa historia, mtu wa Same. Serikali ilinipanga kwanza Kibondo, halafu ikanihamishia Kasulu, na kote huko kilichonitesa si baridi wala matope, ni Jumamosi. Jumamosi ya mwalimu mgeni haina mwisho. Ukifua, ukasahihisha madaftari, ukapika, bado jua liko palepale. Ndipo nikakutana na Prince, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa akifanya ukalimani kwenye shirika moja la misaada, akatufundisha mimi na walimu wenzangu wawili mchezo wake.

Mnakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani wa kubuni. Mimi nilikuwa mwindaji mwenye mguu mbovu. Mmoja wenu, kwetu sisi Prince, anasimulia mnakopita na mnachokutana nacho, na mkitaka kufanya jambo la hatari mnarusha dadu ziamue. Ukisimuliwa hivi utasema ni utoto. Njoo ukae uone kama utakumbuka kwenda kupika.

Mchezo huo umechapishwa upya mara kadhaa, na kila toleo lina kitabu chake cha mazimwi chenye michoro mipya. Kuna zimwi moja la siku nyingi liitwalo oki, ambalo ni kama askari wa mazimwi wengine, na halikosekani toleo hata moja. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Prince alipoondoka nchini alimwachia vitabu vinne vya nyakati tofauti. Siku moja Prince akavipanga mezani kwangu, vyote vikiwa wazi kwenye ukurasa wa oki, akaniambia nitazame.

Katika kitabu cha kwanza, kilichochakaa na kisicho na rangi, oki alikuwa na pua ya nguruwe, masikio ya nguruwe na kitambi, na kofia yake ya chuma ilikaa upande. Katika cha pili pua ilikuwa imefupika, na meno mawili yamechomoza kutoka chini. Cha tatu kilimpa misuli, ngozi ya kijani na mabega ya sokwe. Cha nne, kipya, kinachong'aa, kilikuwa na mtu. Meno mawili yalibaki na ukijani ulibaki, lakini pua ilikuwa pua na macho yalikuwa macho. Alivaa shati la heshima, na nyuma yake walisimama watoto wake.

"Kwa nini wamembadilisha hivi?" niliuliza.

"Watu walilalamika, Mwalimu," Prince akasema. "Walisema haiko muzuri kuchora taifa muzima kama nguruwe, halafu unafundisha watoto kuwachinja. Na mimi ninakubali. Wale walitufukuza kwetu, walianza na kutuita nyama ya pori. Nyuma ya jina ndiyo panga ikakuja."

Nilikifunga kile kitabu cha kwanza, cha pua ya nguruwe.

Prince alikuwa amebuni kisa kirefu cha kutuchezesha kwa miezi. Tungekutana na ukoo wa maoki mara nne, na kila mara ukoo huo ungekuwa na sura ya toleo linalofuata. Alitaka sanamu nne za mkuu wao, kila moja urefu wa chupa ya chai, ziwekwe katikati ya meza. Kazi ya kumtafuta mfinyanzi nikapewa mimi, ndiyo nikafika Titye.

Zimwi la kwanza Ernesta alilifinyanga huku anacheka. "Huyu namfahamu," alisema. "Ndiye anayemaliza muhogo wangu." Alilipa kitambi kikubwa kuliko cha kitabuni, akaacha tumbo wazi ndani na tundu dogo mgongoni, kwa sababu udongo ulioshiba unalipuka ukiingia motoni. La pili alisema ni nguruwe aliyepelekwa shule. La tatu hakulisema chochote. Aliliweka kukauka limeelekea ukutani, na nilipomuuliza kwa nini, akasema mabega yale hayapendi.

La nne nilimwonyesha kwenye simu, na siku hiyo Prince alikuwa nami. Ernesta aliifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, zimwi liko wapi hapa?" akauliza. "Huyu ni baba wa watu."

"Ndiyo yenyewe, mama," Prince akadakia. "Yule wa pua ya nguruwe unamuchinja bila kufikiri. Huyu wa sasa, dadu inakutetemeka mukononi. Lakini unipatie hasira kidogo kwenye uso. Wachezaji wangu waogope kwanza, mbele ya kumusikiliza."

"Hasira," Ernesta akasema, akanirudishia simu. "Hiyo naijua. Acheni."

Nilirudi baada ya siku chache. Kwa kawaida ukikohoa tu uani kwake utasikia akikuamkia "Mwakeye, Mwalimu" kabla hujamwona, lakini siku hiyo palikuwa kimya. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kufinyangia, amekaa mbele ya kitu kilichofunikwa gunia bichi. Aliniangalia, akachungulia nje, kisha akalifunua kidogo kidogo.

Lilikuwa zimwi la nne, na lilikuwa na uso wa Didas.

Didas nilikuwa nimemwona mara moja na picha yake iko ukutani pale sebuleni, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Paji la uso ni lake, na mashavu ni yake, na sikio moja lililosimama kuliko jingine ni lake kabisa. Juu ya uso huo Ernesta alikuwa ameweka yale meno mawili ya kitabuni na hasira aliyoagizwa. Nyusi moja imeshuka. Mdomo wa chini umevutwa ndani, umebanwa na meno ya juu, na mishipa ya shingo imesimama. Nilitamani alifunike tena.

"Sikukusudia," alisema. "Nilianza na pua, pua ikawa yake. Nikasema nitabadilisha, mikono ikakataa."

Nikamwambia si neno, ni zuri, alichome tu kama mengine. Hapo ndipo aliponieleza kinachomtisha. Bibi yake aliyemfundisha kazi alimwekea mwiko mmoja tu. Mnyama utafinyanga, ndege utafinyanga, lakini sura ya mtu aliye hai usiiingize motoni, maana udongo ulioungua haurudi kuwa udongo, na mwenye sura atakuwa amefungiwa humo pamoja na moto wake. Ernesta anasali kila Jumapili. Alisema anajua mambo hayo ni ya wazee wa zamani na padri angemcheka. Lakini mtoto ni mmoja.

"Basi livunje likiwa bado bichi," nikasema, na kwa kuwa sina subira nikanyoosha mkono. Alinipiga kiganjani, kofi la kweli, kama unavyompiga mtoto anayechezea kisu.

"Nimvunje shingo mwanangu?"

"Basi liache likauke."

"Kichwa nimekifanya kizito. Kikikauka bila moto kitapasuka katikati." Akagusa paji lake mwenyewe kunionyesha mahali ufa utakapopita.

Kwa hiyo hakuna alichoweza kufanya ila kuliweka bichi. Alililowesha asubuhi, akalilowesha mchana na jioni, akalifunika kwa gunia na juu yake majani ya migomba. Akaacha kufinyanga vyungu. Akaacha kwenda bondeni, kwa hofu kwamba akikawia jua litapenya. Mimi nilirudi Kasulu nikicheka peke yangu, lakini njiani nikajikuta najiuliza kama mawingu yatakaa, na kicheko kikaniisha.

Pale nyumbani alikuwepo mtu mwingine, mke wa Didas, Ndayikunda, msichana mrefu mpole kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amekuja kupumzika kwa mama mkwe, mkono wa kushoto ukiwa umefungwa kitambaa shingoni. Alisema walianguka na pikipiki. Ernesta alimpenda, akimpa mapande makubwa ya samaki, na kila jioni alimwambia jambo lile lile: mkono ukipona arudi kwa mume wake, kwani mwanamume akiachwa peke yake mpakani anaharibika. Ndayikunda alijibu "Ego, mabukwe," yaani ndiyo, mama mkwe, akaendelea kuchambua maharage kwa mkono mmoja. Kibandani hakuruhusiwa kuingia. Ernesta hakutaka mkwe wake aone sura ya mumewe kwenye udongo akaingiwa na hofu.

Kisha simu ya Didas ikaacha kupatikana.

Siku ya kwanza hatukuhangaika. Mtandao wa huku unajulikana. Siku zilizofuata ikawa sauti ile ile ya kike ikisema namba haipatikani, na Ernesta akawa anaisikiliza mpaka mwisho kana kwamba safari hii itaongeza neno. Gulioni watu walisema mbadilisha fedha mmoja ameviziwa kwenye barabara ya Manyovu. Jina hawakulijua. Wabadilisha fedha ni wengi, nilimwambia. Alinijibu kwamba mwenye sanamu bichi Titye ni mmoja.

Ilikuwa kipindi cha mwanzo wa kiangazi, upepo mkavu unashuka milimani, na gunia lililoloweshwa alfajiri lilikuwa kavu kabla ya saa nne. Ernesta alihamisha kigoda chake kibandani. Niliposhika mkono wake ulikuwa baridi na umekunjamana kwa maji. Kanisani aliomba waumini wamwombee msafiri, na alipoulizwa msafiri gani, alirudia neno lile lile. Siku moja alinionyesha mstari mwembamba kama unywele ulioanza chini ya sikio la sanamu. Aliusugua kwa kidole kilicholowa, akausugua tena, midomo inatembea bila sauti. Mimi mwenye shahada, mimi niliyecheka, nililisogeza jani la mgomba ili kivuli kifike vizuri pale sikioni.

Nilimwomba Prince aulize madereva wa malori. Aliuliza, hakupata habari, na tulipokaa kucheza Jumamosi hiyo hakuna aliyetaka kufika kwenye ukoo wa nne. "Tubakie na ya tatu, Mwalimu," alisema, akakifunga kile kitabu kipya akakiweka chini ya vingine.

Jumapili nilikwenda Titye baada ya ibada. Tulikuwa tumekaa uani mimi na Ernesta, Ndayikunda yuko jikoni, simu ikaita kwa namba ngeni. Ernesta aliitazama, akanipa mimi niipokee, akaziba masikio.

Alikuwa Didas. Simu yake ilitumbukia kwenye maji, alikuwa hana nyingine, sasa amepata. Yuko njiani, amepita Kasulu tayari, anakuja kumchukua mke wake.

Nilimwambia mama yake. Hakupiga vigelegele. Alikaa chini mavumbini na nguo yake ya kanisani, akalia kwa sauti ndogo, kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka naye mpaka mbavu zikauma. Nilifurahi kama ni mwanangu mimi.

"Ndayikunda," akaita, "njoo. Njoo uone ujinga wa mabukwe wako."

Alitushika mikono akatuingiza kibandani. Furaha ilikuwa imemlegeza. Akaondoa majani, akaondoa gunia kwa mkupuo mmoja, akasogea pembeni ili mkwe wake aone na acheke pamoja nasi.

Ndayikunda hakucheka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na mkono wake mzima ukapanda wenyewe, ukasimama mbele ya uso. Ulikaa hapo. Macho yake yalikuwa kwenye sanamu, na alikuwa akipumua kwa mdomo.

"Mabukwe," alisema baadaye, "mlimwona lini hivi?"

"Nani?"

"Didas. Akiwa hivi." Alionyesha kwa kidevu. "Hapo kwenye mdomo. Anaubana hivyo kwanza. Ukiona ameubana, hata ukikimbia umechelewa."

Nilimtazama Ernesta. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna mbaya, kama maji ambayo mtu ametoka kuzama ndani yake.

"Sijawahi kumwona hivi," alisema. "Mwanangu sijawahi kumwona na hasira hata siku moja."

"Mimi namwona," Ndayikunda akasema. "Hatukuanguka na pikipiki."

Nikasikia injini inapanda kilima. Ndayikunda lazima aliisikia kabla yangu, kwa sababu alikuwa tayari ameanza kujifunga kanga upya, haraka haraka, kama mtu aliyechelewa kazini. Nataka niseme kwamba nilifanya jambo la maana. Nilisimama tu.

Didas aliingia uani na kilo za sukari na mche wa sabuni. Aliegesha pikipiki, akaja mpaka kwenye kibanda, akainama vizuri. "Shikamoo, mama. Shikamoo, Mwalimu." Kijana msafi, sauti ya chini, mwenye haya kidogo. Ungekuwa na binti ungemtamani. Akamgeukia mkewe akitabasamu. "Mizigo iko tayari? Twende kabla giza halijatukuta njiani."

Ndayikunda akapiga hatua.

"Hatoki," Ernesta akasema.

Didas alicheka. "Mama, si wewe uliyesema arudi kwa mume wake?"

"Nilisema mimi. Sasa nasema hatoki." Alikuwa amesogea, hata sikumwona akisogea, akawa katikati ya mlango na yule msichana. Kwa nyuma niliona kisigino chake kinatetemeka ndani ya kandambili.

"Ni mke wangu."

"Hatoki, Didas."

Basi nikaliona. Lilianza kwenye nyusi, moja ikashuka. Shingo ikavimba. Mdomo wa chini ukaingia ndani polepole, meno ya juu yakaukalia. Pale juu ya ubao ilikuwa sanamu na hapa mlangoni alikuwa mtu, na sikuona tofauti yoyote ila yale meno mawili. Nimewahi kuogopa mambo mengi, lakini mpaka leo nikifumba macho ni uso ule wa mlangoni unaonijia.

Macho yake yakampita mama yake yakafika kwenye ubao. Akaitazama ile sanamu.

"Hiki ni nini?"

"Ni zimwi la Mwalimu," Ernesta akasema.

"Mbona lina sura yangu?"

"Sura ni yako, mwana wanje. Hasira ni ya baba yako." Alizungumza taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa. "Watu wote walijua ni mtu mpole. Alikuwa akifunga mlango kwanza. Wewe ulikuwa hujaanza hata shule, nilikuwa nakufunika blanketi pale kwenye kona, nikidhani umelala. Sikujua ulikuwa unaangalia."

Didas aliigeukia tena sanamu. Mdomo ulibaki umebanwa kwa muda ambao nilidhani hautakwisha. Mkono wake uliokuwa na sukari ulianza kupanda, ukasimama, ukaiweka sukari juu ya ubao, karibu na miguu ya sanamu. Akatoka. Tukasikia pikipiki ikikataa kuwaka, ikikataa tena, halafu ikawaka na kushuka kilima. Ndayikunda akakaa pale pale alipokuwa amesimama.

Ernesta aliishika sanamu kwa mikono miwili, akaukanda ule uso kuanzia paji mpaka kidevu, akaendelea kuukanda mpaka ukawa bonge. Hakusema kitu juu ya mwiko wala shingo. Alipomaliza aliutupia udongo ndani ya ndoo ya maji, akaniomba radhi kwamba zimwi la nne sitalipata, nimwambie yule Mkongomani.

Prince nilimwambia. Ukoo wa nne hatukuucheza, na hakuna aliyeuliza.

Ndayikunda bado yuko Titye. Mkono umepona, amejifunza kuponda udongo, na vyungu vyake vinaanza kusimama wima. Didas amepiga simu mara kadhaa, kwa sauti ile ya haya, akimwomba mama yake msamaha na kuuliza lini aje. Ernesta humjibu kwa upole, humuuliza kama amekula, hamwambii siku. Nikiwa kwao mchana naona jinsi wanavyoishi. Pikipiki ikipunguza mwendo pale njia panda, wote wawili wanaacha mikono yao ndani ya udongo na kusikiliza. Ikipita wanaendelea. Isipopita, ikikata kuja kwao, Ernesta ndiye anayeinuka, anajifuta kwenye kanga, na kwenda kukaza komeo la mlango, mwanawe asiingie.